Chumvi Juu ya Ukoga

Ukoga ulimwangusha mama mkwe wangu Jumanne asubuhi, na ilipofika jioni ya siku hiyo hiyo mimi nilikuwa nimeshatangaza vita. Sitanii. Nilichukua jembe nyuma ya mlango, nikatoka nje, nikaanza kuyapiga mawe ya njia ya bustanini mpaka cheche zikaruka. Jirani mmoja aliyekuwa anapita barabarani alisimama kuuliza kama nimeona nyoka.

"We mwanamke, mawe yamekukosea nini?" mama mkwe alinipigia kelele kutoka kitandani, dirisha likiwa wazi.

"Mawe hayana kosa, mama! Ni hiki kidude cha kijani!"

"Basi pole pole, utaniharibia jembe."

Shuleni tulifundishwa kwamba jina lake ni kuvumwani. Hapa kwetu tunasema ukoga tu, na kila mtu anaelewa: yale majani mafupi, laini, ya kijani, yanayotandaa kwenye mawe na kwenye udongo wa kivulini. Ukiyaona kwa mbali utasema mtu ametandika zulia. Ukiyakanyaga asubuhi yakiwa na umande, utajua mwenyewe.

Sisi tunakaa Nambis, juu, kwenye baridi ya Mbulu. Mwezi wa sita ukungu unashuka alfajiri na unaweza kukaa mpaka saa tano bila haya. Nyuma ya nyumba yetu kuna bustani ya kabichi, figiri na vitunguu saumu, na kutoka mlango wa jikoni kwenda huko kuna njia ya mawe bapa, hatua kama thelathini, inayoteremka kidogo. Upande wa mashariki, ng'ambo ya uzio, mzee jirani yetu alikuwa na safu ya ile miti tunayoiita ya krismasi, mirefu, myeusi, imebanana. Kwa hiyo jua la asubuhi tulikuwa tunalisikia tu kwa wenzetu. Mawe ya njia yalikuwa ya kijani mwaka mzima, na pembe moja ya bustani ilishaanza kuwa ya kijani vile vile, haioti kitu kingine.

Bustani ni ya mama mkwe. Mimi kazi yangu ni kubeba maji, kubeba mbolea na kukemewa. Amepita miaka themanini, na kila siku, kabla hata ya chai, alikuwa anashuka na ile njia kwenda kusalimia kabichi zake. Anazisalimia kweli, kwa Kiiraqw, na nadhani anazisengenyea watu. Jumanne hiyo alifika jiwe la nne, mguu ukaondoka, akaketi chini kwa nyonga. Nilisikia kishindo nikiwa nachochea moto. Nilipofika alikuwa ameshajipanga vizuri, miguu imefunikwa kwa kanga, kama mtu aliyeamua mwenyewe kukaa pale.

Namshukuru Mungu, mfupa haukuvunjika. Zahanati walisema apumzike, atumie mkongojo, asipite penye utelezi. Hayo yote ningeyaweza. Tatizo lilikuja na simu.

Shemeji yangu, kaka mkubwa wa marehemu mume wangu, anaishi Arusha. Ni mtu mzuri, anampenda mama yake, lakini akishapanga jambo hapanguliki. Alipiga simu usiku huo huo na hakuzunguka.

"Shemeji, nakuja Jumapili ya mwisho wa mwezi. Nikikuta pale bado panateleza, naondoka na mama. Na nikiondoka naye, simrudishi."

Nilimpelekea mama mkwe habari ile. Akasema, "Arusha nikae ghorofani niangalie nini? Mabati ya watu?" Akageukia ukutani. Sikuwahi kumwona akigeukia ukutani, hata siku tulipomzika mwanawe, na moyo wangu uliuma mpaka nikakasirika. Mimi ndivyo nilivyo, uchungu kwangu unatoka kwa mlango wa hasira. Nilijiambia: wiki tatu na nusu ninazo, na ukoga hauna mikono wala miguu. Nitaumaliza.

Nikaumaliza kweli, kwa siku tano. Nilikwangua jiwe moja baada ya jingine kwa jembe, kwa panga, na mwisho kwa mwiko wa ugali. Njia ikawa nyeusi, safi, nikajipongeza kwa chai ya maziwa. Siku ya sita ikanyesha mvua ya manyunyu, siku ya tisa nikaona kivuli cha kijani kwenye jiwe la kwanza, na ilipotimia wiki moja na nusu ukoga ulikuwa umerudi na ndugu zake. Tena mawe sasa yalikuwa yanateleza zaidi, maana nilikuwa nimeyakwangua hata ule uso wake wa asili unaokwaruza. Niliteleza mimi mwenyewe nikiwa na ndoo ya maji, nikalowa mpaka kwenye maungo. Ndani nikasikia mtu anacheka. Mtu mgonjwa!

Nilijaribu maji ya moto. Ukoga ukayanywa. Nikajaribu kuimwagia njia maji ya sabuni, jambo ambalo sitaki hata kulieleza, kila mwenye akili anajua sabuni inafanya nini kwenye mteremko.

Ndipo siku ya mnada ikafika, na mimi nikapata wazo ambalo nililiona la kisomi kabisa.

Lazima niseme kwamba mimi si mtu wa ng'ombe. Mimi ni mtoto wa duka. Baba yangu alitoka Kondoa akafungua duka Katesh, huko Hanang, akauza sukari, mafuta ya taa na viberiti mpaka anazeeka, na mimi nilikua nikijua bei ya kila kitu na tabia ya ng'ombe hata mmoja sijui. Nikaolewa huku juu, kwa watu wanaomjua ng'ombe kwa jina, kwa mama yake na kwa bibi yake. Miaka yote hiyo nimekaa nao, na bado ng'ombe kwangu ni mnyama mkubwa anayetoa maziwa mtu mwingine akimkamua.

Basi pale mnadani kulikuwa na mama mmoja wa kutoka tambarare za Hanang, ameketi na viroba vya udongo wa chumvi wa kando ya ziwa. Wafugaji wanaununua. Mimi nimepita kando ya lile ziwa mara nyingi nikiwa binti: ukingo wote mweupe, mkavu, hakuna jani, hakuna ukoga, hakuna chochote. Nikasimama katikati ya mnada nikapiga kofi. Jamani! Si dawa hii hapa? Kama huu udongo unazuia majani yote ya ziwani, ukoga wa mawe thelathini ni nini?

Yule mama aliniuliza, "Una ng'ombe wangapi?"

"Sina hata mmoja," nikamjibu kwa furaha, nikabeba viroba viwili. Alinitazama kama anataka kusema neno, lakini mteja akaja.

Nilirudi na bodaboda, viroba mbele, mimi nyuma, naimba. Mama mkwe alikuwa ameketi mlangoni na mkongojo wake.

"Umeleta nini?"

"Mambo yangu, mama. Utaona."

"Kuuliza si ujinga, mwanangu."

"Nimeshajua, mama, ndiyo maana siulizi!"

Nasikia aibu hata nikiandika. Angekuwa ameuona ule udongo kwa jicho moja tu, angenizuia. Lakini mimi nilitaka ushindi uwe wangu. Alipoingia ndani kupumzika nikaumwaga wote, kiroba cha kwanza juu ya njia, cha pili pembeni pembeni mpaka kwenye ile pembe ya kijani ya bustani. Nikaufagia uingie kwenye nyufa za mawe. Ilikuwa imebaki wiki moja na siku mbili kabla ya Jumapili ya shemeji, na nilikwenda kulala nikiwa na raha ya mtu aliyefaulu mtihani.

Asubuhi niliamshwa na pumzi. Siyo kelele, pumzi. Kubwa, nzito, nyingi, nyuma ya ukuta wa jikoni. Nikafungua mlango.

Weee! Uwanja ulikuwa umejaa ng'ombe. Nilihesabu kumi na wawili nikapoteza hesabu, kwa sababu wengine walikuwa bado wanaingia kupitia uzio, yaani pale palipokuwa na uzio. Walikuwa ng'ombe wa mzee jirani, na wengine wa nyumba za juu waliokuwa wanapelekwa mtoni wakasikia harufu. Wote wameinamisha vichwa, wanalamba. Wanalamba mawe, wanalamba udongo, dume moja jeusi limepiga magoti kabisa kama liko ibadani, linalamba ufa kati ya jiwe la nne na la tano. Kwato zinachimba. Ndama wawili walikuwa wameshavuka mpaka kwenye kabichi.

Nilichukua ufagio nikawaendea. "Tokeni! Tokeni hapa! Nyie! Jamani!" Nikampiga mmoja mgongoni, akanigeukia taratibu, akanilamba mkono wenye chumvi. Haki ya Mungu, ulimi wa ng'ombe ni msasa.

Nikasikia kicheko nyuma yangu. Mama mkwe alikuwa amesimama mlangoni na mkongojo, anacheka mpaka anafuta machozi.

"Umewamwagia chumvi ya ziwani?"

"Nimeumwagia ukoga!"

"Ukoga wenyewe umesikia?"

Hapo akapiga mluzi, mluzi mmoja wa ajabu, mkali, ambao sikujua kwamba mwanamke wa miaka themanini anao kifuani, na lile dume jeusi likainua kichwa. Akasema nalo maneno fulani. Likatoka. Wengine wakalifuata mmoja mmoja wakijilamba midomo. Niliachwa na ufagio, matope, na kabichi zimebaki vikonyo.

Haikupita muda mzee jirani akaja akikimbia, buti moja mguuni, mguu mwingine mtupu. Mkononi ameshika majani mabichi. Kwetu huku mtu akija na majani mabichi mkononi amekuja kwa amani, anaomba yaishe. Huwezi kumfokea hata kama amekuunguzia nyumba. Nilikuwa na moto kichwani lakini shikamoo ni shikamoo, nikamwamkia. Akaitikia marahaba, kisha naye akamwamkia mama mkwe wangu, maana yeye ni mtoto kwake.

"Mama, nimekuja," akasema, majani ameyainua. "Ng'ombe wangu wamefanya ubaya. Miaka yote sijaona kitu hiki. Sijui wamepatwa na nini. Bustani yako nimeiona. Sema chochote, nitatenda."

Sasa nisikilize mimi nilivyo mtu mbaya. Pale pale, katikati ya hasara yangu, nikaruka kwa furaha moyoni. Sema chochote! Miaka miwili nilikuwa naichukia ile miti yake, naitukana nikiwa jikoni, nainunia nikiwa nafua, na leo mwenye miti amesimama mbele yangu ana kosa na anaomba msamaha. Sikumngojea mama mkwe.

"Mzee," nikasema, "hatutaki kabichi, hatutaki uzio. Tunataka jua. Ile miti yako ikatwe."

"Miti?" akashangaa.

"Mwambie kwanza," akasema mama mkwe.

"Nimwambie nini, mama?"

"Mwambie chumvi."

Nilitamani ardhi inimeze. Nikatazama vidole vyangu vya miguu, nikaeleza: ukoga, kuanguka, shemeji, mnada, viroba. Nilipomaliza mzee aliinama, akagusa udongo kwa kidole, akaonja. "Ya ziwani," akasema. Kisha akaanza kucheka, akacheka mpaka akakaa chini kwenye matope na majani yake mkononi.

"Kwa hiyo ng'ombe wangu walialikwa!"

"Walialikwa," mama mkwe akakubali.

"Na hii miti, imekukera tangu lini, mwanangu?"

"Mwaka wa pili sasa, mzee."

"Na mbona hukusema?"

Mama mkwe akanijibia. "Ulimwomba lini? Miaka miwili unaifokea miti, na miti haina masikio."

Mzee akafuta macho. Akasema fundi wa mbao alishamfuata mara mbili kuitaka ile miti, akamkatalia. Alikuwa anafikiri tangu mume wangu afariki, sisi wanawake wawili tunaihitaji izuie upepo usitung'oe bati. Ameiacha kwa ajili yetu. Nilimtazama yule mtu niliyemnunia miaka miwili, buti moja, matope mpaka kiunoni, na nikaomba radhi kwa sauti ambayo hata mimi sikuitambua.

Jumatatu fundi akaja na msumeno wake. Mti wa kwanza ulipoanguka ardhi ilitikisika, kuku wakakimbilia uvunguni. Wa pili, wa tatu. Ulipolala wa nne, jua la saa mbili likaingia kupitia dirisha la jikoni likatua kwenye sufuria ya uji. Jua! Saa mbili asubuhi! Nilipiga vigelegele peke yangu kama bibi harusi amefika. Mama mkwe aliburuta kigoda mpaka mlangoni, akafumba macho, akauacha uso wake humo juani.

Alipofumbua macho ndipo kazi ikaanza, na safari hii niliuliza. Niliuliza kila kitu.

"Unalikwangua jiwe likiwa limelala," akaniambia. "Ukoga unakunywa maji yaliyo chini. Ng'oa jiwe."

Wanawake wa jirani walikuja na majembe yao, wanaume wawili wakaja na sururu, na mzee jirani akaja na madebe. Yeye alikwangua udongo wote wenye chumvi kutoka njiani na kwenye ile pembe ya bustani, akaupeleka zizini kwake, na ng'ombe wakala kihalali kile walichokuja kuiba. Mimi nilipika makande ya chungu kizima. Kwetu huwezi kuita watu kazini halafu uwape chai tupu. Tuling'oa mawe yote, yale thelathini na kitu. Tukachimba mtaro wa kupokea maji ya bati, ambayo kumbe miaka yote yalikuwa yanapita chini ya njia. Tukatandaza changarawe, tukayarudisha mawe, kila moja limeinama kidogo kuelekea mtaroni, kama mama mkwe alivyoelekeza kwa mkongojo wake kutoka kwenye kigoda. Nyuso za mawe tulizisugua kwa majivu na mchanga mpaka zikakwaruza viganja. Ile pembe ya kijani tukaichimbua, tukaichanganya na samadi na majivu.

"Ardhi ilikuwa imebanwa, imechoka, haina jua," akasema. "Ukoga haukuiua. Ulikaa tu mahali ambapo wengine walishindwa."

Ijumaa mvua ikanyesha. Ilinyesha kwa hasira, mvua isiyokuwa ya msimu wake, na mimi nilisimama mlangoni nimeshika kichwa. Shemeji Jumapili! Lakini maji yalishuka batini, yakaingia mtaroni, yakaenda zake yakipiga kelele, na mvua ilipokatika mawe yalianza kukauka mbele ya macho yangu, moja baada ya jingine, kuanzia juu. Nilimwita mama mkwe aje kuona. "Nimeona," akasema. "Ni mawe." Lakini alikuwa anatabasamu.

Jumamosi akanijaribu. Alinimwagisha ndoo mbili za maji kwenye njia, akaniambia nivue viatu.

"Tembea."

Nikatembea.

"Sasa kimbia."

"Mama, mimi nina miaka hamsini na mbili!"

"Mimi nimekuuliza umri wako? Kimbia."

Nikakimbia, nimeshika gauni, kwenda na kurudi, na wanawake wa jirani wamejipanga kwenye uzio mpya aliotujengea mzee jirani, wananishangilia. Sikuteleza hata kidogo. Kisha yeye mwenyewe akashuka. Hatua moja, mkongojo, hatua moja. Alipofika jiwe la nne akaligonga kwa mkongojo. Akalipita. Alipofika kwenye vikonyo vya kabichi akavisalimia kwa Kiiraqw, na vingine vilikuwa vimeshaanza kutoa majani mapya pembeni.

Shemeji alifika Jumapili baada ya ibada. Nikamwamkia, nikamkaribisha chai, akasema chai baadaye. Akaenda moja kwa moja kwenye njia. Aliisugua kwa soli ya kiatu, jiwe kwa jiwe. Akainama akapitisha kidole kwenye nyufa. Akatazama mtaro, akatazama pale palipokuwa na miti. Mimi nilikuwa nyuma yake, nusura nimshike shati.

"Shemeji," akasema, "kusema kweli umefanya kazi. Hapa hapatelezi."

Nikataka kumrukia kwa furaha.

"Lakini bado nadhani mama aende na mimi. Leo ni mawe, kesho itakuwa kingine. Chumba nimeshakitayarisha. Hospitali iko karibu."

Damu ikanipanda. Nilifungua mdomo, na nilichotaka kusema kingevunja undugu. Nilikuwa na maneno yote tayari: viganja vyangu, miti, ng'ombe, ahadi yake. Mama mkwe akainua mkongojo, nikanyamaza.

"Ukoga ulikuwa sababu yako," akamwambia mwanawe. "Umekwisha. Sasa nikupe yangu. Kaa."

Shemeji akakaa kwenye kigoda kama mtoto.

"Mdogo wako alipokufa, baada ya matanga, kaka zake huyu walikuja kutoka Katesh kumchukua. Walikuwa na gari. Walimwambia bado una nguvu, watoto wamekua, rudi nyumbani, duka lipo. Walikuwa jikoni, mimi nilikuwa chumbani, walidhani nimelala. Akawaambia, siwezi kumwacha mama yangu peke yake. Akasema mama yangu. Hakusema mama mkwe."

Miaka minne. Sikuwahi kumwambia mtu, wala yeye hakuwahi kusema neno. Kaka zangu waliondoka wakiwa wamenuna, nikafuta macho, nikampelekea uji, akaupokea akasema una moshi. Na mimi miaka yote hiyo nilikuwa nikijiona ndiye ninayemtunza. Hata ile vita yote nilijiambia ni kwa ajili yake, asife kwa upweke ghorofani. Uongo. Nilikuwa naogopa kuamka asubuhi katika ile nyumba na kusiwe na mtu wa kunikemea.

"Watoto wake wako mbali, kila mmoja na maisha yake," akaendelea. "Gari lilikuja, akalikataa kwa ajili yangu. Leo gari limekuja kwangu. Unataka nipande?"

Shemeji alitazama mikono yake, kisha akanitazama mimi, na macho yake yalikuwa mekundu. "Sikujua, shemeji," akasema. "Hakuna aliyeniambia."

Nililia pale pale mbele yake, kwa sauti, bila aibu, mwanamke mzima.

"Na wewe nyamaza," mama yangu akaniambia, "mgeni hajanywa chai."